Friji yako inakula uniti ngapi? Pima kwanza, halafu ndio utengeneze

Shangazi yangu anakaa Fuoni. Kaskazi ilipokuwa imeshika kwelikweli, aliniita akanionesha risiti zake za TUKUZA, umeme wa kulipia kabla, alizozitundika kwenye msumari wa mlango. "Mwanangu, mita hii inaniibia. Taa zangu ni tatu, feni moja, televisheni usiku tu. Umeme unakwenda wapi?"

Friji hakuitaja. Wengi wetu hatuitaji, kwa sababu haina swichi tunayoizoea mkononi kama ya taa. Imesimama pembeni mwa jiko, inanguruma, basi. Lakini katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba ndicho chombo pekee kisicholala, usiku na mchana, Ramadhani na Mfunguo Mosi. Pasi ina nguvu mara kumi ya friji lakini hukaa kwenye umeme nusu saa. Friji haitoki.

Tulichokifanya usiku ule nyumbani kwake ndicho ninachokieleza hapa, pamoja na mengine niliyojifunza baadaye. Hakuna kinachohitaji fundi mpaka utakapofika mbali.

Hatua ya kwanza: ipime usiku

Saa nne usiku, watu wakishalala, zima kila kitu isipokuwa friji. Chaja za simu zitoe kwenye soketi, televisheni na king'amuzi vichomoe kabisa, pampu ya maji izime kwenye swichi yake. Kama kuna mgonjwa au mtoto anayehitaji feni, usimnyime usingizi kwa ajili ya hesabu. Chagua usiku mwengine.

Andika namba ya uniti zilizobaki kwenye mita, pamoja na zile tarakimu mbili baada ya nukta. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla hujafungua mlango wa friji, andika tena. Tofauti ya namba hizo ni chakula cha friji kwa saa nane. Zidisha kwa tatu upate siku nzima, kisha ongeza kidogo, kwa kuwa mchana kuna joto na milango inafunguliwa. Mimi huongeza robo.

Kwa shangazi ilitoka uniti 0.9 kwa usiku mmoja. Mara tatu ni 2.7, na robo yake juu inakaribia 3.4 kwa siku. Kwa mwezi ni uniti 102, kwa friji moja ya milango miwili. Alinyamaza kidogo, akaivuta ile risiti ya mwisho na kuitazama upya.

Ipo njia ya pili, ya haraka, na mimi naipenda zaidi kwa sababu unaiona friji ikipumua. Kwenye mita kuna kitaa kidogo chekundu kinachomweka. Karibu nacho pameandikwa namba na alama imp/kWh, mara nyingi 1000, au 1600, au nyengineyo. Ikiwa ni 1000, kila mmweko ni sehemu moja ya elfu ya uniti. Zima kila kitu isipokuwa friji, hesabu sekunde kutoka mmweko mmoja hadi wa pili, kisha gawa 3600 kwa sekunde hizo. Jawabu ni wati. Sekunde 30 ni wati 120. Sekunde 24 ni wati 150. Kama mita imeandikwa 1600, badala ya 3600 tumia 2250.

Kaa hapo nusu saa. Friji ya kawaida huwaka, ikapoza, ikazima, na ikizima mimweko karibu inakoma. Ikiwa nusu saa nzima imepita na kompresa, ile mota ya nyuma inayonguruma, haijapumzika hata mara moja, na ni usiku wa saa sita, hapo pana jambo. Friji za inveta ni tofauti: kompresa yake hupunguza mwendo badala ya kuzima, kwa hivyo utaona mimweko ya polepole isiyokatika. Hiyo si kasoro.

Hatua ya pili: igeuze kuwa shilingi

Usitafute bei ya uniti kwa jirani. Chukua risiti yako ya mwisho, pesa uliyolipa igawe kwa uniti ulizopata. Ikiwa humo pamekatwa deni, litoe kwanza. Unachopata ndiyo bei yako halisi, kodi ikiwemo.

Tuseme, kwa mfano tu, imetoka shilingi 300. Uniti 102 za shangazi ni shilingi 30,600 kwa mwezi. Iandike kwenye karatasi uibandike ubavuni mwa friji. Namba hiyo utaihitaji tena utakapojiuliza kama inafaa kutengeneza au kununua nyengine.

Hatua ya tatu: angalia ilipowekwa

Hapa ndipo penye faida kubwa, na hapana gharama.

Friji haitengenezi baridi. Inachota joto la ndani na kulitupa nje, nyuma yake au ubavuni. Ikiwa mahali ilipo pana joto tayari, au hewa haizunguki, inakuwa kama mtu anayetoa maji kwenye mtumbwi uliotoboka: anatoa, yanarudi. Ya shangazi ilikuwa uani, imegandamana na ukuta unaopigwa na jua la magharibi, mkono wa kulia jiko la gesi, na juu bati tupu. Saa tisa alasiri ule ukuta ulikuwa wa moto ukiugusa.

Tuliihamishia ndani, kwenye ukuta wa kaskazini wa ukumbi. Tuliacha nyuma yake nafasi ya kama shibri moja, na pembeni vidole vinne. Tuliinamisha kidogo kwa nyuma kwa kuzungusha miguu ya mbele, ili mlango ukiachwa ujifunge wenyewe.

Na vile vitambaa. Najua vimeshonwa kwa mkono, na najua nyumba bila kitambaa juu ya friji inaonekana kama haina mwenyewe. Juu weka, hakuna ubaya. Lakini kisishuke ubavuni. Friji nyingi za siku hizi hazina waya mweusi nyuma. Mabomba ya kutolea joto yamefichwa ndani ya bati la pembeni. Weka kiganja ubavuni kompresa ikiwa inafanya kazi, utasikia uvuguvugu. Hapo ndipo panapopumulia. Ukipafunika, kompresa itazunguka muda mrefu zaidi kwa kazi ile ile.

Kama yako ina ule waya mweusi nyuma, ichomoe, ivute, uipige vumbi kwa brashi laini mara mbili kwa mwaka. Sisi tulio karibu na bahari tuna na chumvi juu ya vumbi. Ikishika unyevu inakula bomba taratibu mpaka linatoboka, na gesi inatoka. Futa kwa kitambaa kilicholowa maji baridi ya kawaida, kisha kikavu.

Hatua ya nne: raba ya mlango

Chukua noti, ibane kwenye mlango, ivute. Ikitoka bila kukwama, pale raba haishiki. Zunguka mlango mzima, juu, chini, na hasa upande wa bawaba, ambako raba hujikunja. Usiku unaweza kuwasha tochi ya simu, uiweke ndani, ufunge, uzime taa za jikoni. Penye mwanga ndipo baridi inapotokea.

Kwetu uvujaji huu unaumiza zaidi kuliko nchi kavu, na sababu yake ni unyevu. Hewa ya Zanzibar imejaa maji. Inapoingia ndani, friji haipozi hewa tu. Inabidi ule mvuke iugeuze maji, na kwenye friza iugeuze barafu, na kazi hiyo inakula umeme mwingi kuliko kuipoza hewa yenyewe. Ndiyo maana raba mbovu huonekana kwanza kama theluji kwenye friza na maji chini ya droo ya mboga.

Kabla ya kununua raba mpya, ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, mpaka ndani ya mikunjo. Mara nyingi tatizo ni sukari ya juisi iliyogandia humo. Palipobonyea, mimina maji ya moto kidogo kwenye kitambaa, ukande ile raba mpaka ilainike na kurudi umbo, kisha funga mlango uache ipoe. Ya shangazi ilikuwa imechanika kiasi cha kidole upande wa chini, hiyo haikuwa na dawa ila kubadilishwa. Unapokwenda dukani, chukua vipimo vya mlango na picha ya ule mkunjo, kwa sababu raba zinafanana kwa macho na hazikai sawa.

Hatua ya tano: theluji na namba

Friza isiyojiyeyusha yenyewe ikifikia theluji ya unene wa nusu sentimita, izime uiyeyushe. Theluji inazuia baridi isifike kwenye chakula, na kompresa inahangaika bure. Toa vitu, weka sufuria ya maji ya moto ndani, funga mlango, subiri. Usichokoe kwa kisu. Nimeona friji nzima za watu zikifa kwa ncha ya kisu: ukuta wa ndani wa friza ndiyo bomba lenyewe, ukilitoboa gesi imekwenda.

Kile kitasa chenye namba 1 mpaka 5 au 7 si nyuzi joto. Kwa friji nyingi, namba ikipanda, baridi inaongezeka. Watu huiweka mwisho wakati wa kaskazi na kuisahau hapo mpaka kusi inapoingia. Chakula hakihitaji hivyo. Sehemu ya chini inatosha nyuzi 4 za Sentigredi, friza nyuzi 18 chini ya sifuri. Nunua kipimajoto kidogo, kitie ndani ya gilasi ya maji, uiache rafu ya kati usiku mzima. Asubuhi ukisoma 1 au 2, rudisha kitasa nyuma namba moja, upime tena kesho. Kila nyuzi moja unayoirudisha inapunguza uniti kwa asilimia chache, na mwezi wa Julai, hewa ikiwa imepoa, utaweza kurudisha zaidi.

Hatua ya sita: unavyoitumia

Mchuzi usiingie ukiwa wa moto. Uache upoe, lakini usizidishe saa mbili, maana katika joto letu tui la nazi halisubiri. Kama sufuria ni kubwa, iweke kwenye beseni la maji itapoa haraka. Na ufunike. Sufuria wazi inatoa mvuke, na mvuke huo umeshaona unavyogharimu.

Tungule mbichi, mbatata, vitunguu na ndizi havina haja ya friji, vinachukua nafasi ya bure. Samaki, ndio. Nguru au changu aliyetoka soko la Darajani asubuhi mparue, mkate, umtie kwenye vifuko vidogo vya mlo mmoja mmoja, ulaze vifuko bapa. Vinaganda upesi, na siku ya kupika unatoa kimoja tu badala ya kuacha mlango wazi ukipambana na fungu lililoshikana kama jiwe. Kimoja hicho kishushe chini tangu usiku: kinayeyuka polepole na kuipa friji baridi yake.

Ramadhani ndiyo mwezi mgumu. Kuanzia saa kumi jioni mlango haufungi: juisi, maji, tende, watoto. Kwetu tumetenga kontena moja la maji yenye barafu, tunaliweka mezani kabla ya magharibi. Anayetaka maji baridi anachota hapo.

Je, kuizima usiku kunaokoa? Swali hili naulizwa kila mara. Friji ikizimwa, ndani panapata joto taratibu, na asubuhi kompresa inazunguka mfululizo kurudisha baridi iliyopotea. Unachookoa ni kidogo mno, kwa sababu sehemu kubwa unakuja kuilipa baadaye. Na unachohatarisha ni maziwa, samaki na mabaki ya futari ambayo yanapanda juu ya nyuzi 5 na kukaa humo saa kadhaa kila usiku. Kwa mwenye watoto wadogo ndani ya nyumba, naomba usifanye hivyo. Kama friji ni tupu na unasafiri wiki nzima, hapo izime, ikaushe, uache mlango wazi.

Umeme unapokatika na unaporudi

Umeme wetu unapita chini ya bahari: Unguja unatoka bara karibu na Dar es Salaam, na Pemba, tangu mwaka 2010, unatoka Tanga. Waliokuwepo Unguja wanakumbuka ule mwezi mzima wa giza mwaka 2008, na ile miezi mitatu iliyoanza Disemba 2009. Watu waligawa samaki mtaani kabla hawajaoza. Makato ya siku hizi ni ya saa, na kwa saa chache dawa ni moja: usifungue. Sehemu ya chini hushikilia baridi kama saa nne, friza iliyojaa hata siku mbili, iliyo nusu kama siku moja, kwa sharti mlango haukufunguliwa. Kwa joto la kaskazi, mimi hupunguza hesabu hizo. Friza yenye nafasi ijaze chupa za maji. Zikishaganda ndizo akiba yako.

Hatari kubwa iko kwenye kurudi. Umeme unaweza kuja na nguvu kupita kiasi, ukakatika tena baada ya sekunde, ukarudi. Kompresa ikitakiwa kuwaka mara tu baada ya kuzima, msukumo wa gesi ndani bado haujatulia, inashindwa kuzunguka, na koili yake inapata moto. Inahitaji dakika tatu hadi tano. Umeme ukija mdogo, chini ya volti 190 hivi, madhara yanafanana. Friji gadi ndiyo kazi yake: inakata umeme usiofaa na kusubirisha. Bei yake ni ndogo sana ukiilinganisha na kompresa. Kama huna, chomoa friji umeme unapokatika, na ukirudi hesabu dakika kumi kabla ya kuchomeka.

Anapoitwa fundi

Ukiambiwa "gesi imeisha", uliza imetokea wapi. Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama ya jiko. Inazunguka ndani ya bomba lililofungwa maisha yake yote. Ikipungua, pametoboka. Fundi anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia miezi michache. Angalia pia kibandiko cha nyuma kinataja gesi gani, R134a au R600a, na hiyo hiyo ndiyo irudi. R600a inashika moto. Isichomelewe bomba nayo ikiwa ndani, na kazi ifanywe uani, penye hewa, mbali na jiko la mkaa.

Kutengeneza au kununua nyengine

Baada ya raba mpya na kuhama ukuta, friji ya shangazi ilishuka kutoka 0.9 hadi 0.5 kwa usiku. Kwa hesabu ile ile ni kama uniti 57 kwa mwezi badala ya 102. Afueni, lakini bado ni nyingi, na kibandiko cha ndani kilitwambia sababu: ilikuwa na herufi N.

Herufi hizi zitafute kabla ya kulipa, hasa kwa mitumba ya Ulaya. SN imeundwa kwa chumba cha nyuzi 10 hadi 32. N ni 16 hadi 32. ST inafika 38, na T inafika 43. Jiko la Unguja mwezi wa Februari, alasiri, linapita 32 bila taabu, na friji ya N hapo haipumziki. Tafuta T, au angalau ST.

Kibandiko cha umeme nacho kinataja uniti kwa mwaka. Igawe kwa 365 upate za siku, lakini jua kwamba vipimo hivyo vimefanywa kwenye chumba kilichodhibitiwa, wala hapana mtoto anayefungua mlango. Kwako itazidi. Kitumie kulinganisha friji na friji tu.

Kisha hesabu: kama mpya itakula uniti 0.9 kwa siku na ya zamani inakula 1.9, unaokoa uniti moja kila siku, 365 kwa mwaka. Kwa ile bei ya mfano ni shilingi 109,500. Bei ya friji igawe kwa namba hiyo, ujue miaka mingapi itajilipa. Ikiwa miaka ni mingi kuliko unavyotarajia ile ya zamani kuishi, baki nayo. Na usinunue kubwa kuliko nyumba yako.

Kwa wanaouza barafu na malai

Hapa nasema na kina mama na wasichana ambao friza ndiyo duka lao. Nyinyi friza ya kulala, inayofunguliwa juu, inawafaa zaidi. Baridi ni nzito, ukiinua kifuniko inabaki chini. Ya kusimama ukiifungua inamwagika miguuni.

Kugandisha lita moja ya maji ya bombani kunataka kuondoa joto linalokaribia uniti 0.14. Friza inalisukuma joto hilo, kwa hivyo umeme wake unapungua kidogo hapo, tuseme uniti 0.1 kwa lita. Vifuko mia vya ubuyu vya mililita 150 ni lita 15, yaani uniti moja na nusu, juu ya zile ambazo friza inakula kwa kuwaka tu. Vitie jioni joto likipungua, vikiwa vimeshapoa ndani ya maji, na usivirundike: vipange safu moja, vigande, kisha ndio vipandishwe. Kwenye daftari ambalo unaandika sukari, ubuyu, rangi na vifuko, piga mstari mmoja zaidi wa uniti, ndipo upange bei ya kifuko.